Zimwi Lina Masharti, Kapteni Hana

Tarehe 27 Mei 2006, tamasha la filamu la Cannes likiwa limebakiza siku moja kufungwa, watazamaji waliojaa ukumbini waliinuka na kupiga makofi ambayo taarifa za wakati ule zilisema yalidumu dakika 22. Filamu waliyokuwa wametoka kuitazama ni El laberinto del fauno, yaani mzingile wa fauni, kazi ya mwongozaji kutoka Mexico, Guillermo del Toro. Iligharimu takriban dola milioni 19 na ikaingiza zaidi ya milioni 80 duniani, kiasi ambacho filamu inayozungumzwa Kihispania mwanzo hadi mwisho hukipata kwa nadra. Februari 2007 ilitwaa tuzo 3 za Oscar kati ya 6 ilizoshindania: ya upigaji picha, ya usanifu wa mandhari na ya upambaji wa sura. Makofi na tuzo hizo havikumaliza ubishi. Hadi leo anayeitazama kwa mara ya kwanza hutoka na moja ya maneno matatu. Wapo wanaolalamika kwamba wamedanganywa, wameitiwa hadithi ya watoto wakaonyeshwa mateso. Wapo wanaobishana kama msichana wa filamu hiyo aliyaona kweli aliyoyaona, au ni akili ya mtoto iliyokuwa ikitafuta pa kujificha. Na wapo wanaolia tu, kisha wakiulizwa mwisho ule ni wa heri au wa msiba, wanakosa jibu. Nionavyo, makundi yote matatu yanagusa jambo moja bila kulishika. Tunaingia ukumbini tukiwa tayari kuwaogopa viumbe wa mzingileni, ilhali filamu inatuonyesha tendo baada ya tendo kwamba wa kuogopwa ni kapteni aliyekalia kinu cha kusagia nafaka, na kwamba ni hadithi, hizohizo za mazimwi, zilizompa mtoto uwezo wa kumkatalia.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1944 nchini Hispania. Jenerali Franco alitangaza ushindi wake tarehe 1 Aprili 1939, kwa hiyo kwa hesabu za serikali vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha miaka mitano iliyopita. Milimani bado wamo wapiganaji waliokataa kusalimu amri, wakitegemea habari za kutua kwa majeshi ya Muungano huko Normandy kwamba huenda zamu ya Hispania nayo itafika. Kapteni Vidal, aliyechezwa na Sergi López, amepelekwa kuwamaliza. Makao yake ni kinu cha zamani katikati ya msitu wa misonobari, na humo ndimo anamoletwa mke wake mpya, Carmen, mjane mja mzito, pamoja na bintiye wa ndoa ya kwanza, Ofelia. Kando ya kinu pana magofu ya mzingile wa mawe, na ndani yake Ofelia anakutana na fauni, kiumbe wa ngano za Warumi, nusu mtu nusu mbuzi, anayemwambia kwamba yeye ni binti mfalme wa ufalme wa chini ya ardhi aliyepotea, na kwamba atarudi kwao akitimiza kazi tatu kabla ya mwezi mpevu. (Jina la Kiingereza la filamu lilimgeuza fauni huyo kuwa Pan, mungu wa Wagiriki, na del Toro mwenyewe amesema wazi kuwa siye.) Kuanzia hapo visa viwili vinakwenda sambamba, cha mtoto na kazi zake, na cha Mercedes, mtumishi wa kapteni ambaye kaka yake ni mmoja wa wale waliomo msituni.

Nianze na wanaosema wamedanganywa, maana wana nusu ya haki. Marekani iliipa filamu hii daraja la R, linalomruhusu aliye chini ya miaka 17 kuingia iwapo ameandamana na mzazi au mlezi. Uingereza iliipa 15, daraja lisilomruhusu kabisa aliye chini ya umri huo, na kwa maoni yangu Waingereza ndio waliopatia. Mzazi aliyesikia habari za msichana, fauni na binti mfalme aliyepotea, akamshika mwanawe mkono na kuingia, alikuwa na kila sababu ya kutoka akiwa amekasirika. Lakini lalamiko hilo huwa halikomei kwenye umri wa mtazamaji. Hubeba ndani yake dai kubwa zaidi, kwamba hadithi ya maajabu na ukatili havipaswi kukaa chungu kimoja. Dai hilo ni geni kwa hadithi zenyewe. Ndugu Grimm walipotoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1812, mlikuwamo watoto wanaotelekezwa msituni kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Kwetu pwani, Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Zanzibar, mlikuwamo ile ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake anakula mifugo, kisha anakula watu, na sultani anamtetea kila mara mpaka siku anapowala wana wa sultani mwenyewe na kujulikana kuwa si paka tena, ni nunda. Bibi aliyewasimulia wajukuu kisa hicho hakudhani kwamba anawaharibu. Alijua kwamba mtoto anaishi katika dunia ileile ya wakubwa, na kwamba siku atakapokutana na mtawala anayekitetea kinachokula watu, ni heri awe ameshamsikia. Utamaduni wa kuzisafisha hadithi hadi zisibakie na meno ni wa juzijuzi, na del Toro anaurudisha usimulizi pale ulipokuwa.

Sasa tuangalie ukatili wenyewe umewekwa wapi, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Tukio ambalo watazamaji wengi hulitaja kuwa ndilo lililowafanya wafumbe macho linatokea mapema, na halina kiumbe wa ajabu hata mmoja. Askari wamewakamata usiku mzee na mwanawe. Wanasema walikuwa wakiwinda sungura. Kapteni anachukua chupa na kumponda nayo kijana usoni, pigo juu ya pigo, mbele ya baba yake, kisha anawamaliza wote wawili kwa risasi. Baada ya hapo ndipo anapoupekua mkoba wao na kukuta sungura. Hatetemeki wala hajuti. Anawaambia wasaidizi wake wajifunze kupekua vizuri kabla ya kumsumbua, na sungura wale wanapelekwa jikoni. Kamera haikimbii, muziki haumtangulii mtazamaji kumwonya, na tendo linakwisha haraka kiasi kwamba akili inalifikia likiwa limeshapita. Tulinganishe na chura mkubwa wa kazi ya kwanza, anayeishi chini ya mtini na kuufanya unyauke. Anatisha, ananuka, lakini mtoto ameambiwa la kufanya: amlishe vijiwe vitatu achukue ufunguo. Analifanya, na chura anakwisha. Mzingileni kila hatari ina masharti yake, na masharti yanatajwa mapema. Kinuni huwezi kujua. Mzee yule alisema kweli, akajibu kwa adabu, alikuwa na ushahidi mkobani, na hakuna hata kimoja kilichomwokoa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, wakitufariji kwamba hata ubaya una mpaka kwa aliye wake. Vidal anauvunja mpaka huo. Anamjua Ofelia, amelala naye nyumba moja, ni mtoto wa mkewe, na ndiye anayempiga risasi.

Tukio la pili linalotajwa zaidi lina zimwi kweli, na ndilo lililoenea duniani kwa picha: kiumbe aliyepauka kama maiti, ngozi imemlegea, hana macho usoni, macho yapo sahanini mbele yake, naye huyachomeka viganjani anapotaka kuona. Doug Jones, mwigizaji wa Marekani aliyemcheza fauni, ndiye aliyelicheza na zimwi hili. Del Toro amesimulia mara kadhaa kwamba aliwahi kuketi karibu na Stephen King filamu ikionyeshwa, akamwona mwandishi huyo wa vitabu vya kutisha akijinyonganyonga kitini zimwi lilipoanza kumfukuza mtoto, na kwamba kwake ilikuwa kama kupata Oscar. Watazamaji wengi hubaki na uso wa zimwi wakasahau meza, na mimi naona meza ndiyo kiini. Zimwi limekaa kwenye kichwa cha meza ndefu iliyojaa nyama, matunda na vitu vitamu, moto ukiwaka nyuma yake, na kando kuna rundo la viatu vya watoto. Kabla ya hapo tumeshaiona meza nyingine: kapteni kwenye kichwa cha meza, moto nyuma yake, wageni wake wakuu wa mji na kasisi wakila, huku akieleza kwamba mgao wa chakula wa wanavijiji utapunguzwa ili wapiganaji wasipate wa kuwalisha. Kasisi anakubali. Hispania ilikuwa na kadi za mgao tangu 1939 hadi 1952, na katika filamu mkate unagawiwa uwanjani huku askari akiwasomea watu kwamba katika Hispania ya Franco hakuna nyumba isiyo na moto wala mkate. Kinuni, ghala limefungwa na ufunguo anao kapteni. Zimwi halina haja ya kuelezwa linawakilisha nini. Limekaa palepale alipokaa kapteni, linalinda chakula ambacho wenye njaa hawaruhusiwi kukigusa, na viatu vile, kwa yeyote aliyewahi kuona picha za kambi za Wanazi, vinasema vilivyobaki.

Hapa ndipo watazamaji humlaumu mtoto. Fauni alimkanya asile chochote, viumbe wadogo wenye mabawa waliofuatana naye wanamzuia, na bado anachuma zabibu, akameza, akachuma ya pili. Lawama hii huja kwa hasira kabisa, kana kwamba Ofelia ametukosea sisi. Ni kweli kwamba kosa lake lina gharama, kwani wawili kati ya wale viumbe wanang'atwa vichwa mbele yake. Lakini anayemlaumu amesahau kwamba filamu imeshatuonyesha mtoto huyu akinyimwa chakula cha usiku kwa sababu aliichafua nguo mpya, na kwamba anaishi katika nyumba ambamo kula ni jambo la ruhusa. Na anasahau jambo la pili katika tukio hilohilo. Muda mfupi kabla ya zabibu, viumbe wale walimwelekeza afungue kijimlango fulani, yeye akakataa, akafungua kingine, na kingine hicho ndicho kilichokuwa na kisu alichotumwa. Chumba kimoja, mtoto mmoja, uasi mara mbili: mmoja ulimfaa na mwingine uliua. Mwandishi wa kisa asingeuweka ukaidi huo wa mara mbili pamoja namna hiyo kwa bahati tu, na nitaurudia, maana ndio unaoubeba mwisho.

Ubishi wa pili, wa kama mambo haya yalitokea au la, una ushahidi pande zote mbili. Wanaosema ni njozi wanataja dakika za mwisho: kapteni anapomfikia Ofelia ndani ya mzingile, mtoto anazungumza na fauni, lakini Vidal anamwona akizungumza na hewa. Wanaosema ni kweli wanataja chaki. Ofelia amefungiwa chumbani na mlinzi yuko mlangoni, lakini anaonekana katika ofisi ya kapteni, na njia pekee tunayoonyeshwa ni mlango aliouchora ukutani kwa chaki aliyopewa na fauni. Wanataja pia mzizi wenye umbo la mtoto uliowekwa kwenye maziwa chini ya kitanda cha mama mgonjwa: ulipokuwapo, daktari alishangazwa na nafuu yake, na ulipotupwa motoni mama alianguka papo hapo kwa uchungu, akafa akijifungua. Del Toro amesema kwake ufalme ule ni wa kweli na amezitaja baadhi ya dalili hizi, huku akikubali kwamba kila mtazamaji ataona kwa jicho lake. Ningeweza kujiunga na upande mmoja, lakini swali lenyewe naliona halina kazi kubwa kama linavyopewa. Tuseme yote ni njozi. Je, uamuzi wa Ofelia, katika kazi ya tatu, wa kukataa kumtoa damu mdogo wake mchanga unageuka kuwa wa uongo? Mtoto mchanga yupo mikononi mwake, kisu kipo, kapteni anakuja nyuma na bastola, na baadaye mchanga huyo anapokewa na Mercedes akiwa mzima. Hakuna tafsiri ya filamu inayoweza kuufuta uzima huo. Mjadala wa kweli au njozi unafanya macho yatazame fauni yupo au hayupo, na yaache kutazama mtoto amefanya nini.

Alichofanya ni kukataa, na hapa ule ukaidi wa mara mbili unapata maana. Katika kazi ya kwanza Ofelia anatii, anafaulu. Katika ya pili anakaidi kwa tumbo, anafeli, na fauni anamgeuka kwa ghadhabu. Katika ya tatu fauni anarudi na sharti jipya: atampa nafasi nyingine iwapo ataahidi kutii bila kuuliza. Anaahidi. Kisha anaambiwa amlete mdogo wake na atoe tone la damu isiyo na hatia ili mlango wa ufalme ufunguke. Tone tu, si uhai. Mtu mzima mwenye busara za dunia angesema tone la damu ni bei ndogo kwa kupata ufalme na kuokoka na kapteni. Ofelia anakataa, akijua kwamba anapoteza vyote. Kwa hiyo filamu haisifu ukaidi wa kila aina. Inaupambanua ukaidi wa hamu na ule wa dhamiri, na inautambua wa pili kwa alama moja, kwamba mwenye kukataa hapati kitu. Na ili tusidhani kwamba hili ni la watoto na mafauni, del Toro ameliweka pia katika dunia ya watu wazima. Daktari Ferreiro anaitwa amtibu mpiganaji mwenye kigugumizi aliyeteswa, ambaye kapteni alimwahidi kumwachia huru iwapo atahesabu hadi tatu bila kukwama, akakwama kwenye tatu. Mateka anamwomba daktari amalize uchungu wake, naye anamchoma sindano ya mwisho. Vidal anamuuliza kwa mshangao wa kweli kwa nini hakutii tu. Daktari anamjibu kwamba kutii kwa ajili ya kutii, bila kuhoji, ni kazi ya watu wa namna ya kapteni, kisha anatoka nje kwenye mvua akitembea kawaida, na risasi inamfuata mgongoni. Mtoto na daktari hawajawahi kuketi wakafundishana, lakini wanafika pamoja. Ofelia alifikishwa na hadithi: kwa kuyajaribu masharti, kuyavunja vibaya, kulipia, hatimaye akajua lipi la kulivunja.

Mapingamizi yapo, na la kwanza linasema kwamba yote haya yanaharibiwa na mwisho. Baada ya Ofelia kupigwa risasi tunaona ukumbi wa dhahabu, wazazi wake wamekaa kwenye viti virefu vya enzi, na umati unampigia makofi. Wakosoaji wa namna hii wanauliza: je, huku si kumpaka mtazamaji mafuta kwa mgongo wa chupa, kumwonyesha mbingu ili asahau maiti? Ningekubaliana nao kama filamu ingekomea pale. Lakini picha ya kwanza kabisa ya filamu ni Ofelia amelala chini, damu ikirudi puani kinyumenyume, kwa hiyo tangu dakika ya kwanza tumeambiwa kwamba atakufa, na muda wote wa kutazama tunausogelea mwisho tunaoujua. Na baada ya ukumbi wa dhahabu tunarudishwa kwenye jiwe lenye maji ya mvua na damu, Mercedes amemwinamia mtoto akimwimbia kwa kuvumisha ule wimbo wa kubembelezea ambao Javier Navarrete aliufanya uti wa mgongo wa muziki wote. Mtazamaji anapewa mambo mawili kwa wakati mmoja na hakuna linalomwondolea jingine. Ndiyo maana wanaolia wanashindwa kusema wanalilia nini, na kushindwa huko nakuheshimu kuliko majibu ya walio na uhakika.

Pingamizi la pili ni kwamba kapteni ni mbaya mno, hana doa la wema, na mtu wa namna hiyo si mtu. Hili halinisumbui sana. Vidal amepewa historia: baba yake, jenerali, inasimuliwa kwamba aliivunja saa yake akifa vitani ili mwanawe ajue saa ya kufa kwake, na mwana anaitengeneza saa hiyo kila siku huku akikana mbele za watu kwamba iliwahi kuwapo. Ananyoa ndevu zake kwa uangalifu, viatu vyake vinang'aa, anaupenda utaratibu. Anamtaka mtoto wa kiume hata daktari anapomuuliza amejuaje kuwa ni wa kiume. Huyu anajulikana, hata kama hapendeki. Tena ubaya wake una upofu mahsusi unaomwangusha: Mercedes anamwambia uso kwa uso kwamba aliweza kumpeleleza kwa sababu machoni pake hakuwa kitu, ni mtumishi wa kike tu, na kamba anaikata kwa kisu kidogo cha jikoni ambacho siku zote alikificha kwenye mkunjo wa aproni.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni la historia. Vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939 vilikuwa na ukatili pande zote mbili. Upande wa Jamhuri, uliopigana na Franco, uliua karibu makasisi, watawa wa kiume na wa kike 7,000, na filamu haisemi neno juu yao, ilhali kasisi pekee tunayemwona anakula mezani kwa kapteni. Mtu atakayeijua Hispania kwa filamu hii peke yake atakuwa amejua nusu, na wapiganaji wa msituni kweli wamechorwa safi kupita kiasi. Hilo nalikubali bila kusita. Ila mwaka uliochaguliwa si 1936. Ni 1944, upande mmoja una mahakama, magereza, kasisi, ghala na ufunguo, na mwingine una msitu. Mwanahistoria Paul Preston anakadiria kwamba watu wapatao 20,000 wa upande ulioshindwa walinyongwa au kupigwa risasi baada ya vita kutangazwa kuwa vimekwisha. Kumtaka msimulizi agawe lawama nusu kwa nusu katika mwaka kama huo ni kumtaka aseme jambo ambalo mwaka wenyewe haukulisema.

Na hapa ndipo machozi ya watazamaji wa Hispania yanapotofautiana na ya watu wa kwingineko. Franco alitawala hadi kifo chake Novemba 1975. Mwaka 1977 sheria ya msamaha ilifunga milango ya mashtaka, na wanasiasa wa pande zote wakakubaliana kimyakimya kuyaacha ya nyuma. Waliokimbilia nje ndio walioendelea kusimulia, na Mexico ya rais Lázaro Cárdenas ilikuwa imewapokea wapatao 20,000. Del Toro alikulia katika nchi hiyo yenye wakimbizi na watoto wa wakimbizi, na kabla ya mzingile alishatengeneza mwaka 2001 filamu nyingine juu ya vita hivyohivyo, El espinazo del diablo, ambamo mzimu wa mtoto unakaa katika nyumba ya yatima. Mwaka 2000, huko Priaranza del Bierzo, mjukuu mmoja alilifukua kaburi la pamoja alimokuwa babu yake, na kutoka hapo ukaanza mwamko wa familia kutafuta watu wao kandokando ya barabara na mashambani. Filamu iliingia kwenye kumbi za Hispania Oktoba 2006, nchi ikiwa katikati ya mabishano juu ya sheria ya kumbukumbu ya kihistoria, iliyopitishwa mwaka uliofuata. Watazamaji wale hawakuhitaji kuuliza kama msitu ule ni wa kweli.

Katika dakika zake za mwisho Kapteni Vidal anatoka mzingileni amembeba mwanawe na kuwakuta wapiganaji wamemzunguka. Anajua kinachofuata. Anamkabidhi Mercedes mtoto, anaishika saa, na kuomba jambo moja tu, kwamba mwanawe aambiwe saa aliyokufa baba yake. Mercedes anamkatalia: mtoto hatalijua hata jina lake. Mara nyingi kumbi hushangilia hapo, na ninaielewa shangwe hiyo, kwa kuwa mtu aliyewafutia wengine majina yao anafutiwa lake. Mwaka 2008 jaji Baltasar Garzón aliwasilisha hesabu ya watu 114,226 waliopotezwa katika vita vile na katika utawala uliofuata. Tangu Oktoba 2022, kwa sheria ya kumbukumbu ya kidemokrasia, kuwatafuta ni wajibu wa dola ya Hispania, na makaburi bado yanafukuliwa.